Damu ya Aliyekula

Nyumbani, 6 Februari

Kaka yangu,

Ikufikie hii ukiwa mzima, wewe na wifi na watoto, na mgongo wako ule unaoulalamikia kila mwaka. Sisi hatujambo. Shemeji yako bado analinda lile ghala la mbolea na bado anarudi nyumbani akinuka ghala. Mwanangu yuko mwaka wa mwisho wa shule na amekuwa profesa kabla ya wakati. Juzi alinisahihisha mbele ya mteja, nikatamani sakafu inimeze.

Simu sikupigii. Tangu tulipomzika mama tulikubaliana kwamba simu inatugombanisha, wewe unapandisha sauti na mimi nakata, afadhali barua, hasira ipoe njiani. Naona imesaidia. Mwaka umepita hatujatukanana.

Kazi ipo. Nina sketi arobaini na mbili za sare ya shule hapa mezani. Ile meza aliyonitengenezea marehemu seremala haijatikisika hata mguu mmoja. Ningekuwa nimemaliza, lakini miguu yangu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Inavimba. Nilidhani ni kukanyaga cherehani kutwa, ila sasa nikibonyeza kidole kwenye muundi shimo linabaki pale, na asubuhi naamka uso umejaa kama niliyelia. Na mkojo unatoa povu kama maji ya kufulia, lakini hayo si ya kumwandikia kaka.

Nikaenda hospitali, hiyohiyo uliyofanyia kazi zamani. Wamenitoa damu, nimerudi baada ya siku mbili, hakuna majibu. Wanasema damu yangu imejaa mafuta, mashine haiwezi kuisoma, eti nilikula kabla ya kupimwa. Sikula, kaka. Nilitoka hapa hata maji sikunywa. Na daktari wa pale hakuoni mpaka majibu ya damu yatoke, kwa hiyo nimerudi nyumbani na miguu yangu kama nilivyokwenda nayo.

Ukitaka kucheka, cheka. Miwani, yule mpimaji uliyemfundisha wewe, alicheka kwanza.

Mdogo wako

*

27 Februari

Kijiko,

Salamu zako zimefika na mgongo wangu unakushukuru. Huku tuko salama. Nimepewa usimamizi wa maabara yote, watu ishirini na watatu chini yangu, na kila mmoja ana sababu ya kuchelewa asubuhi. Wifi yako anasema sasa naongea nyumbani kama niko kwenye kikao. Kijana mkubwa ameanza kunyoa ndevu ambazo hazipo.

Nimecheka, ndiyo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu aliyepewa jina la Kijiko na mama yake mzazi, kwa sababu kila chungu kilichofunikwa alikifunua, anakuja kuniambia hakula? Unakumbuka ile siku ulipoapa kwa jina la babu kwamba hukugusa mchuzi, na kijiko kikadondoka kutoka kwenye gauni lako? Mama alisimulia kisa kile mpaka anazeeka.

Sasa nisikilize kama mtu wa kazi. Damu ikizungushwa kwenye mashine, zile chembe nyekundu zinazama, juu yanabaki maji. Ya mtu mwenye njaa ni ya manjano, unaona kidole chako upande wa pili. Ya aliyekula yanakuwa na ukungu, na aliyekula vya mafuta yanakuwa meupe kama maziwa. Mashine inapima kwa kupitisha mwanga. Kwenye maziwa mwanga haupiti, majibu yanatoka ya uongo. Kwa hiyo wanairudisha. Si uonevu, ni utaratibu.

Usile chochote tangu saa kumi na mbili jioni, wala chai, wala ile "kuonja tu" yako. Urudi asubuhi. Utaona.

Miguu iweke juu ya kigoda ukipumzika.

Kaka yako

*

25 Machi

Kaka,

Hongera kwa cheo. Watu ishirini na watatu si mchezo. Huku tunaendelea. Sketi zimeisha, nimelipwa, na mwanangu amepata ya kwanza kwenye somo la viumbe hai, nakwambia mapema kabla hajakuandikia mwenyewe kurasa sita.

Nimefanya ulivyosema, nikaongeza. Saa kumi na nne bila kitu, kaka. Shemeji yako alikuwa shahidi; tulikaa naye, yeye anakula mimi namtazama. Asubuhi alinisindikiza, nikatolewa damu, na safari hii nikaambiwa nisubiri palepale. Baada ya saa nzima Miwani akatoka na kichupa mkononi. Alikiinua juu, foleni yote ikaona. Chini nyekundu, juu meupe pe. Akasema, "Mama, hii ni chai ya maziwa. Nenda ukale vizuri, siku ukiamua kupimwa utarudi." Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka mpaka akajifuta machozi.

Kilichoniuma si wao. Tulipofika nje shemeji yako akaniambia taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto, "Sema tu. Uliamka ukala nini?" Miaka kumi na tisa ya ndoa. Nikamwambia alikuwa ananitazama. Akasema, "Kaka yako ni mtaalamu, na ameandika damu haidanganyi." Nimeitafuta hiyo sentensi kwenye barua yako sijaiona, lakini naona yeye aliisoma.

Siku hizi kabati la vyakula linafungwa kwa kufuli. Eti kunisaidia.

Sasa uso umevimba, na tumbo nalo limeanza. Mikono imekonda lakini, pete inazunguka. Nauliza kitu kimoja, na nakuomba unijibu hicho tu: kuna kitu kingine kinachoweza kuifanya damu ya mtu iwe maziwa, mbali na kula?

Mdogo wako

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na wakaguzi, halafu mashine mbili zikaharibika kwa wiki moja, halafu wifi yako akaumwa jino. Sasa mambo yametulia. Kijana mkubwa ameachana na wembe. Yule wa kike ameniambia anataka kuwa rubani. Nimemwambia aanze kwa kutandika kitanda.

Mpongeze mpwa wangu. Mwambie mjomba anasubiri hizo kurasa sita.

Kuhusu afya, punguza mafuta nyumbani. Chemsha, usikaange. Ngozi ya kuku ondoa. Nakutumia viatu vya wazi, vyepesi, wifi yako amevichagua, namba ileile unayovaa. Na usigombane na watu wa pale maabara, wana utaratibu wao na wana kazi nyingi. Miwani ni kijana mzuri, ana mdomo tu.

Mengine usiyafikirie sana. Mawazo nayo yanavimbisha.

Kaka yako

*

2 Juni

Kaka,

Viatu ni vizuri. Haviingii. Nimempa mwanangu.

Tuko hai. Mafuta tumeacha, nyumba nzima inakula vya kuchemsha na kunilaumu. Shemeji yako amepungua mkanda tundu mbili. Mimi nimepungua kila mahali ambapo sijavimba.

Swali langu hukulijibu. Nilisoma barua yako mara tatu nikidhani nimeruka ukurasa.

Nimekwenda mara ya tatu. Sikula siku nzima na usiku wake, na kesho yake nikaanguka kwenye foleni. Wakaniingiza ndani wakaniketisha kwenye lile benchi la karibu na sinki, wakanitoa damu nikiwa nimeegemea ukuta. Maziwa. Miwani hakucheka safari hii. Alisema tu, "Mama, sijui nikwambie nini," akaandika kwenye kadi yangu maneno yaleyale, AMEKULA, ARUDI. Ninayo hapa. Yapo matatu sasa, moja chini ya jingine.

Nilikaa pale benchini muda mrefu kwa sababu miguu ilikataa. Kuna karatasi ukutani juu ya ile mashine ya kuzungushia damu, ndani ya plastiki iliyokauka ikawa ya njano. Nimeisoma mpaka nimeikariri. "Damu yenye ukungu au rangi ya maziwa isipimwe. Mgonjwa amekula. Akikataa, asibishiwe, arudishwe nyumbani." Miwani aliponiandikia kadi aliitazama kwanza, kama mtu anayetazama saa.

Unaifahamu ile karatasi?

Mdogo wako

*

30 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imenikuta ofisini na nimeisoma nimesimama. Wote hatujambo. Wifi yako amekwishang'oa lile jino. Kijana mkubwa amefaulu mtihani wa kuendesha gari na sasa anatuendesha sisi. Mvua imekatika, vumbi limerudi, tunafuta madirisha mara mbili kwa siku. Nimebadilisha ratiba ya zamu na nusu ya watu hawanisalimii.

Maabara zote zina karatasi ukutani. Hapa kwangu ziko zaidi ya thelathini, hakuna anayezisoma.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii. Usirudi pale. Ipo ile hospitali ya ng'ambo ya mto, saa tatu kwa basi, wana daktari wa magonjwa ya ndani. Usiwaambie habari za kula. Usiwaambie umerudishwa mara ngapi. Sema una uvimbe na mkojo una povu, na uwaombe wapime mkojo, mkojo kwanza. Waambie wapime protini, na mtu auweke kwenye hadubini autazame kwa macho yake. Wakikwambia uje na majibu ya damu, usiondoke. Kaa hapohapo kwenye kiti mpaka mkojo upimwe.

Shemeji akupeleke. Mwambie ni mimi nimesema. Mwambie pia afungue hilo kabati.

Usichelewe, tafadhali.

Kaka yako

*

19 Agosti

Kaka,

Tunakusalimu. Kabati limefunguliwa.

Nilikwenda, nikalazwa wiki tatu, ndiyo maana kimya. Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko mimi, ana sauti ya chini na anavaa raba. Alibonyeza mguu wangu, akatazama shimo, akaniuliza kuhusu mkojo kabla sijasema. Nikamjibu. Saa ileile akachukua kichupa cha mkojo akachovya kijikaratasi, kikageuka rangi hapohapo mbele yangu. Dakika moja, kaka. Muda wa kutia uzi kwenye sindano.

Halafu akautazama mkojo kwenye hadubini, akaniita nitazame na mimi. Kwanza niliona ukungu tu. Akazungusha kioo fulani pakawa giza, na mle gizani yakatokea matone ya duara yanayong'aa, kila tone lina msalaba katikati. Nikamwambia, "Hivi ni vifungo." Kweli, ni kama kifungo cha matundu manne ukikishona uzi kwa kupishanisha. Akacheka, akasema amesoma miaka yote ile na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kisha akaacha kucheka akanieleza kwamba yale ni mafuta. Mafuta kwenye mkojo wangu.

Nikueleze alivyonieleza, ingawa naona unayajua. Figo ni kichujio. Changu kimetoboka, kinaachia protini ambayo ingetakiwa ibaki kwenye damu. Damu ikipungukiwa, maji yanatoroka yanakaa miguuni na usoni. Ini linaona damu imepungukiwa, linaanza kufanya kazi kama fundi aliyeambiwa sare zinahitajika kesho, linatengeneza kila kitu kwa fujo, na mafuta nayo linayamwaga humo kwenye damu. Na zile protini za kuyasafisha mafuta zenyewe zimevuja na mkojo. Basi damu inakuwa maziwa. Ule na usile. Ningefunga mwaka mzima ingekuwa maziwa. Kisha mafuta hayo yakipita tena kwenye figo yananasa, yanaziba, yanaua kile kilichobaki kizima. Kwa hiyo wakati nakaa na njaa ili damu isafike, damu ilikuwa inaniumiza figo.

Nilimwuliza kama ningekuja Februari ingekuwaje. Alisema, "Labda vidonge vingetosha." Alisema labda, hakusema zaidi. Sasa figo zimebaki na nguvu kama theluthi. Nameza vidonge vya kuzuia mwili usijishambulie, vya kukojoa, vya kushusha mafuta. Chumvi marufuku. Tutaona.

Nikamwonyesha kadi yangu, akaniuliza, "Nani alikwambia umekula?" Nikaichukua kadi nikairudisha mkobani.

Nimerudi nyumbani nikazitoa barua zako nikazipanga kwa tarehe. Povu nilikuandikia Februari. Wewe ulilitaja Juni. Hapo katikati umeniandikia habari za jino, za ndevu na za ngozi ya kuku. Kumbe uliliona. Lilikuwa wapi hilo povu miezi minne, kaka?

Na lile jingine bado nakuuliza. Unaifahamu ile karatasi?

Mdogo wako

*

8 Septemba

Ni mimi niliyeiandika.

Sina salamu leo. Nimeanza barua hii mara nne kwa habari za watoto na nimezichana zote.

Niliiandika nikiwa na miaka ishirini na tisa. Tulikuwa na mashine moja, na dawa ya kupimia iliyotosha watu thelathini kwa wiki. Watu walikuwa wanakunywa chai wanakuja, wanakula kiapo kwamba hawajala, dawa inaharibika, na yule mwenye njaa ya kweli anakosa kipimo. Nilichoka kubishana. Siku moja nikaandika ile karatasi, nikaitia plastiki, mabishano yakaisha. Mganga mkuu alinisifu. Hiyo karatasi ilinisaidia kupanda cheo, mdogo wangu, niliitaja kwenye usaili.

Mwaka uliofuata alikuja seremala. Yule wako, wa meza. Uso umevimba, miguu imevimba, damu maziwa. Aliniambia hakula. Nikamrudisha. Alirudi mara nne, kila mara na maelezo marefu zaidi, mara ya mwisho alikuja na mkewe amshuhudie. Nikamwonyesha karatasi. Hakurudi tena, nikasema moyoni, amechoka kudanganya. Alipokufa niliambiwa ni moyo, nikaona imeisha.

Miaka mitatu baadaye nilipelekwa kusoma. Mwalimu akaeleza darasani ugonjwa wa figo unaoijaza damu mafuta, bila chakula. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Niliandika kwenye daftari, nikafaulu swali hilo kwenye mtihani. Sikurudi kuing'oa karatasi. Nilijiambia nitaandika barua kwa Miwani, nitaandika wiki ijayo. Ili kuing'oa ningepaswa kusema kwa nini.

Ulipouliza Machi kama kuna kitu kingine, nilijua jibu kabla sijamaliza sentensi. Nilikaa na barua yako wiki tano. Nilisema labda kweli ulikula. Wewe ni Kijiko, nikasema, kila mtu anajua. Nililing'ang'ania jina hilo kwa sababu kama hukula, basi na seremala hakula.

Nisamehe. Nitapanda basi mwezi ujao nije. Na kama itafika mahali pa kubadilishiwa figo, yangu ipo, nitapimwa hapa hapa. Wifi yako anajua, nimemwambia.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo

*

1 Oktoba

Kaka,

Nakuita hivyo, kwa kuwa hakuna neno jingine.

Nilijua tangu Juni. Siku ile nilipoanguka, barua yako ya mwisho ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilipokuwa pale benchini niliitoa nikailaza magotini, nikatazama huku, nikatazama kule. Herufi zako za t unazikata kwa mstari mrefu unaopita juu ya neno zima, tangu shule ya msingi, mwalimu alikuchapa na hukuacha. Ukutani, kwenye lile neno "Akikataa", ilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa na njaa ya siku moja na nusu, na mtu aliyeandika kwamba nisibishiwe alikuwa ameniandikia pia niweke miguu juu ya kigoda.

Nimekuuliza mara mbili ili useme mwenyewe. Ilikuchukua miezi mitatu na figo zangu ndizo zilizokuwa zinangoja.

Basi usipande. Sijui nitakupokea vipi, na sitaki nikutukane mbele ya mwanangu, anakuheshimu. Figo yako iache hapo ilipo. Sijafika huko, na nikifika sitaki kitu chako ndani yangu kabla sijajua kama nimekusamehe.

Nataka karatasi. Ile bado iko ukutani. Nilimweleza Miwani, akasema hawezi kuitoa kwa maneno ya mgonjwa, iliandikwa na mkuu. Basi mkuu aandike nyingine. Kwa mkono wako, si kwa kompyuta, ili wauone mwandiko. Na uandike sababu.

Mdogo wako

*

20 Oktoba

Mdogo wangu,

Hii hapa. Nimemwandikia pia mganga mkuu wa pale, na mwalimu wangu wa zamani. Wa kwanza amejibu, wa pili bado.

"Damu yenye rangi ya maziwa: mwulize mgonjwa kama amekula, na ukijibiwa hapana, amini. Pima mkojo wake siku hiyohiyo. Ukiwa na protini, apelekwe kwa daktari kabla ya jua kuchwa. Mafuta kwenye damu yanaweza kuwa ni figo zinazoomba msaada. Karatasi iliyokuwa hapa kabla ya hii niliiandika mimi, na nilikosea, na watu wawili ninaowajua waliumia kwa sababu yake. Wengine siwajui."

Nimetia sahihi na cheo changu.

Sijui niandike nini tena.

Kaka yako

*

28 Novemba

Kaka,

Karatasi imebandikwa. Miwani aliisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Aliponirudishia macho alikuwa mtu mwingine. Ameniomba radhi kwa ile siku ya kichupa. Nilimwambia ainue hicho kichupa mbele ya foleni tena aombe radhi hapo. Hakuinua kichupa, lakini alitoka nje akasema. Yule mama wa mtoto mgongoni hakuwepo, ndiyo bahati yangu.

Ile ya zamani nilimwomba aniachie. Ninayo. Sijui nitaifanya nini.

Majibu ya mwezi huu: protini imepungua kwenye mkojo, mafuta yameshuka, maji ya damu sasa ni ya manjano yenye ukungu kidogo. Figo ziko palepale, theluthi. Daktari wa raba anasema zikikaa hapo kwa miaka tutashukuru. Nimerudi mezani. Nakanyaga cherehani nusu siku.

Safari hii nilikwenda kwa Miwani bila kufunga. Daktari alisema kwa kipimo hiki si lazima njaa. Nilibeba mayai mawili ya kuchemsha na kijiko, nikakaa kwenye lile benchi la karibu na sinki, chini ya karatasi yako, nikala polepole mpaka nikamaliza, Miwani akiniangalia. Nakwambia nilipata raha ambayo si nzuri.

Kisha nikaenda kwa mke wa seremala. Bado yuko nyumba ileile, anauza mbao zilizobaki kipande kwa kipande. Nilimweleza yote, polepole, kama nilivyoelezwa mimi. Nilidhani atalia. Aliinuka akaenda ndani, akarudi na kadi ya mumewe. Ameitunza. AMEKULA, ARUDI, mara nne, kwa mwandiko wako, na zile t kwenye sahihi yako.

Akaniambia, "Mara ya mwisho nilikwenda naye nimshuhudie, nikaonyeshwa karatasi, nikaiamini. Tuliporudi nyumbani sikusema naye. Nilimwambia amenidhalilisha kwa ajili ya mkate. Nilimficha chakula mpaka anakufa. Alikuwa anasema, mke wangu, sikula. Ndiyo maneno aliyokuwa akisema siku zote, sikula."

Akaniuliza kama aliyeandika bado yuko hai. Nimesema yuko hai, ana watu ishirini na watatu chini yake.

Hajui kusoma vizuri, lakini ana mjukuu atakayemsomea. Anwani yake nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Mwandikie. Usiniandikie mimi kabla hujamwandikia yeye, na barua yake usiianze kwa habari za watoto.

Mdogo wako